Wanane wa Chini ya Mnara

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Keti kwanza, maana nakujua, ukisoma umesimama utasahau chai jikoni mpaka imwagike. Umeketi? Nimepata!

Safari hii si ya kusimama mstari wa tatu nikiwa nimeshika kapu, wala "msichana wa pili kushoto" kama miaka kumi na moja yote hii. Nimepewa Mshale.

Nikueleze vizuri, kwa sababu utamsomea mama na mama atauliza maswali. Igizo letu ni la muziki. Tuko watu thelathini jukwaani, wote tunaimba na wote tunacheza. Ni hadithi ya mji ambao saa ya mnara wake imesimama, na kila mtu akasimama nayo, mwokaji na unga mkononi, bwana harusi na mguu mmoja mlangoni. Mimi ni mshale wa sekunde. Natoka ndani ya saa nikicheza dakika ishirini na mbili bila kupumzika, nawaamsha mmoja mmoja, halafu napanda juu ya mnara na kujiachia kinyumenyume, mita nne, macho nimefumba. Chini wapo wadakaji wanane. Nikitua mikononi mwao saa inagonga, mji unaanza kutembea.

Hiyo ya mita nne mama asiisikie. Mwambie ngazi mbili.

Usiogope na wewe, tuna sheria yetu. Ngoma inalia kama saa, tiki, tiki, kisha inanyamaza, na ikinyamaza ndipo ninapojiachia. Lakini mdakaji yeyote asipokuwa tayari, hata kama ni kamba ya kiatu tu imefunguka, anasema "Bado", nami siondoki. Haulizwi kwa nini. Mwalimu wa hatua alitufundisha siku ya kwanza, tukarudia mara mia, mpaka neno limeingia kwenye magoti. Jana tulikuwa tunakula, mtu akamuuliza Nanga kama amemaliza, naye akajibu "Bado". Nikaganda na sahani mkononi kama sanamu! Walicheka mpaka machozi. Nanga ndiye kiongozi wa wadakaji, mtu wa mabega mapana na utani mwingi, utampenda.

Ninaye pia mbadala, msichana wa miaka kumi na tisa tunayemwita Sindano kwa wembamba wake. Anajifunza kila hatua yangu ili nikiugua aingie yeye. Ananifuata mpaka msalani.

Onyesho la kwanza ni tarehe 31 Mei, alasiri. Niombeeni.

Mdogo wako,
Panzi


12 Machi

Panzi,

Marahaba. Chai ilimwagika hata hivyo, kwa sababu wifi yako alipiga kelele za furaha sikioni mwangu, na sasa nasikia kwa upande mmoja.

Nilimwambia mama ngazi mbili. Akaniangalia. Akauliza, "Ngazi mbili, na wadakaji wanane wa nini? Anaanguka binti yangu au gunia la mahindi?" Basi nikasema kweli. Tangu siku hiyo anaongea na picha yako ya shuleni, ile uliyokunja uso.

Hongera sana, mdogo wangu. Miaka kumi na moja ya kushika kapu si mchezo. Nilikuwa nasema ukichoka utarudi nyumbani, na leo nimekula maneno yangu, yana chumvi.

Sasa nisikilize kama nyapara, maana kubeba ndiyo kazi yangu. Boriti ya zege tunaibeba watu wanne. Mimi mbele, vijana wawili katikati, na Kinyozi nyuma kabisa. Unamkumbuka Kinyozi, aliyekuwa akininyoa bure tukiwa vijana, na mpaka leo anawanyoa wabebaji wote siku ya mapumziko. Miaka kumi na sita tunabeba pamoja. Na mzigo wa watu wengi una ugonjwa wake. Kila mmoja anaamini mwenzake ameushika vizuri.

Kwa hiyo wajue hao wanane. Majina yao hayatakusaidia ukiwa hewani. Ijue mikono yao.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Uliniambia niijue mikono yao. Nimeijua, na natamani ungenyamaza.

Tulianza na mita moja, sasa tuko mita tatu. Mtu ukianguka kinyumenyume unasikia mambo mengi kuliko unavyodhani. Unasikia viatu vyao vikisogea, unasikia pumzi zao zikikatika kabla hawajakugusa. Wiki iliyopita nilisikia mtu akiguna kwa maumivu, upande wa kulia, begani kwangu. Hapo ndipo anaposimama Nanga.

Aliniambia mwenyewe tulipokuwa tunakunja mikeka. Bega lake la kulia linachomoka. Analirudisha peke yake chooni huku ameuma taulo. "Usimwambie mtu," akasema. "Nakuambia wewe kwa sababu unaangukia mikononi mwangu, ni haki yako kujua. Ila usiwe na wasiwasi, wale saba ni wazima." Nikaapa.

Siku mbili baadaye akanifuata Mpishi. Huyo aliwahi kupika hotelini kabla ya kuja kwetu, na hadi leo akiongea anakoroga hewa. Alipandisha mkono wa shati nikaona kifundo kimefungwa kitambaa, kimevimba. "Usimwambie mtu," akasema. "Hata ukiniondoa mimi, wale saba ni wazima." Nikaapa tena.

Maneno yaleyale, Kaka! Kana kwamba wamekariri.

Utauliza kwa nini wasiseme tu "Bado" wakapumzika. Wiki ya pili ya mazoezi alikuwepo mdakaji mmoja aliyesema "Bado" mara tatu kwa siku moja. Mwongozaji wetu hakumkaripia. Ni mama mpole, hajawahi kupaza sauti. Alimshika mkono akamwambia, "Mwili wako umetuambia jambo, baba, tuusikilize." Asubuhi yake jina lake halikuwepo kwenye ubao wa mlangoni, na mahali pake lilikuwa jina jipya. Tangu siku hiyo sijalisikia tena neno lile jukwaani. Ngoma inanyamaza, nami naondoka.

Usimwambie mama.

Panzi


10 Aprili

Panzi,

Sikumwambia mama. Hata wifi yako sikumwambia, na unajua kumficha wifi yako jambo ni sawa na kuficha moshi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa. Tatizo la kazi yenu ni kwamba anayeficha ni Nanga na atakayeumbuliwa ni wewe. Mpelekee mwongozaji habari hiyo. Kiapo cha kunyamaza hakimfungi mtu anayeanguka.

Ukiona vigumu kusema, waweke hao wawili pamoja waambiane wao kwa wao. Fanya mapema. Kwenye kazi zetu hizi mambo hayaharibiki polepole, yanakaa sawa, yanakaa sawa, halafu siku moja basi.

Huku hatujambo. Ghorofa limefika la nne. Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha umri asubuhi, nikishatoka jasho unanyamaza.

Kaka yako


24 Aprili

Kaka,

Sasa ni watano.

Wa tatu ana uvimbe wa goti, wa nne alipasuka msuli wa kifua akasema ni kikohozi, wa tano anaona ukungu jicho la kushoto na hajui ni kwa nini. Wote wamekuja kwangu mmoja mmoja, koridoni, ngazini, nyuma ya mapazia. Nadhani wananiona kama kasha la kuwekea vitu. Kila mmoja anaondoka amepata nafuu, anapiga mluzi, na mimi nabaki na goti lake, kifua chake, jicho lake. Na kila mmoja, naomba uniamini, kila mmoja amenipa moyo kwa wale saba.

Juzi tulifika mita nne. Nilijiachia, nikahisi mikono, lakini ile mikono ikaendelea kushuka na mimi. Kisigino changu kiligonga sakafu. Tak. Mwalimu wa hatua akauliza ni nini hiyo. Nanga akasema ni kiatu. Wote wakasema ni kiatu. Nikacheka nikasema ni kiatu.

Sikusema, Kaka. Nikuambie kwa nini, unitukane vizuri. Nikiwataja watano, watano wanafutwa ubaoni, na wengine wana watoto wengi kuliko hata wewe. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu ya kweli ni kwamba nikisema watakata anguko, na bila anguko Mshale ni msichana tu anayekimbia kimbia jukwaani. Nina miaka thelathini na mbili. Hakuna atakayeniandikia Mshale mwingine.

Anayenitia hofu kuliko wote ni Kimya. Ni mdakaji wa mwisho, upande wa miguu. Tunamwita hivyo kwa sababu haongei, anasalimia kwa nyusi. Hajanijia na siri yoyote. Namtazama nikiwa juu, nawaza huyu anaficha nini kikubwa hivyo mpaka hawezi hata kukinong'ona?

Panzi


4 Mei

Wifi mpendwa,

Kaka yako ameniomba nikuandikie mimi kwa kuwa yeye ana kazi nyingi. Anasema barua yako ameipata na ameisoma. Anasema sisi hatujambo na mama hajambo. Anasema ujitunze.

Ni mimi wifi yako, kwa niaba ya kaka yako


9 Mei

Kaka,

Barua nzima ya mistari minne, haina utani hata mmoja. Tangu lini wifi akaandika barua bila kuuliza kama nimepata mchumba? Na wewe tangu lini ukapata kazi nyingi kiasi cha kushindwa kunitukana, hali nimekuomba kabisa?

Kuna nini nyumbani? Ni mama?

Huku mwongozaji ameongeza mnara nusu mita. Alikaa viti vya nyuma, akasema kutoka kule anguko linaonekana fupi. Sindano alipiga makofi. Wanane wakatazama juu, kisha wakatazamana, haraka, kama watu waliokutana mlangoni kwa mganga. Kila mmoja akaitikia kwa kichwa.

Sasa ni sita. Wa sita ni kiuno.

Nijibu kwa mkono wako mwenyewe. Hata neno moja.

Panzi


17 Mei

Panzi,

Huu ndio mkono wangu, ila ni wa kushoto, kwa hiyo usicheke mwandiko. Wa kulia umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Niliianza barua hii juzi.

Mama mzima. Ni mimi.

Tarehe 29 ya mwezi uliopita boriti ilituangukia. Mgongo niliokuandikia kwa mzaha ulikuwa unaniuma tangu mwaka jana, mpaka kuvaa viatu nilikuwa navalishwa na wifi yako. Sikumwambia mtu kazini. Nyapara akisema anaumwa, kesho si nyapara. Asubuhi ile niliinama nikahisi kitu kinakatika, nikajiambia, hata nikishika nusu nguvu, wale watatu ni wazima. Nikasema, "Twende."

Baadaye, wodini, ndipo nilipojua. Kijana wa pili alikuwa na homa siku tatu. Wa tatu alikuwa na kidole kilichovunjika ndani ya glavu. Na kila mmoja alijiambia maneno yaleyale niliyojiambia mimi. Kila mmoja wetu alikuwa anabebwa na wenzake watatu, Panzi, na boriti haikuwa na mtu.

Mzima alikuwa Kinyozi peke yake. Uzito wote ulimkimbilia yeye. Mguu wake wa kushoto umekatwa chini ya goti.

Yaliyobaki ni mabaya zaidi. Wakubwa wa kazi waliandika ripoti kwamba Kinyozi aliteleza. Wakaniletea kitandani. Nikaitia sahihi kwa mkono huuhuu wa kushoto. Kwa hiyo sasa umeshaona mwandiko wangu mpya ulivyoanza.

Nilikuwa nakuhubiria useme, huku mimi mwenyewe nimefunga mdomo. Usinisikilize kwa kuwa ni kaka yako. Sikiliza boriti. Sema kabla ya tarehe 31. Uwe na sita, uwe na wawili, sema.

Kaka yako


24 Mei

Kaka,

Nimelia, nimenawa, sasa naandika.

Siku niliyopata barua yako niliingia mazoezini nikiwa nayo ndani ya nguo. Nikapanda mnarani, ngoma ikanyamaza, nikafumbua macho. Nikasema, "Sianguki." Kisha nikasema yote. Sikutaja majina, niliwaangalia tu chini na kusema, "Sita kati yenu mmeniambia mnaumwa. Kila mmoja anawategemea wengine, na hao wengine hawapo."

Ningekuwa na akili ningewakusanya kwanza pembeni, kama ulivyonishauri ile Aprili. Nilisema mbele ya mwongozaji.

Mwongozaji alikuja mpaka chini ya mnara kwa upole wake ule. Akawauliza, "Ni kweli, wanangu? Mwenye shida ainue mkono." Hakuna aliyeinua. Akasema, "Basi walio wazima wainue mikono yote miwili, juu kabisa, nione." Wote wanane wakainua. Nanga aliinua ule wa kulia mpaka ukanyooka. Nilimwona jasho likimchuruzika sikioni, na tabasamu halikutoka. Ndiye aliyesema, "Panzi amechoka, mama. Mita nne na nusu ni nyingi kwa mtu mwenye woga."

Amenivunja moyo vibaya sana. Na bado sikuweza kumchukia, Kaka, kwa kuwa nilijua lile bega linavyomuuma akisema hivyo.

Mwongozaji akanishika mkono. Unajua alichoniambia kuhusu mwili wangu.

Jina lililopo ubaoni sasa ni la Sindano. Nilimfuata kwenye chumba cha kuvalia nikamweleza yote, taratibu, hata kisigino changu nikamwonyesha. Alinisikiliza huku anajifunga nywele. Kisha akasema, "Dada, mimi nakuheshimu, lakini wivu haukupendezi." Ana miaka kumi na tisa. Mimi nikiwa na umri wake ningesema maneno makali zaidi.

Nimemwendea mwalimu wa hatua, akasema uamuzi umeshatolewa. Nimemwendea meneja wa jumba, akaniuliza nina cheti gani cha daktari. Nimehamia kwa mama mshona mavazi, nalala kati ya mashine yake na rundo la kofia za waokaji. Bado siku saba. Nifanye nini?

Panzi


29 Mei

Panzi,

Rudi nyumbani. Mama amekutandikia kitanda. Umefanya sehemu yako, umesema, umefukuzwa. Mimi sijafanya hata nusu ya hiyo.

Jana nilikwenda wodini kumwona Kinyozi. Nilifika mlangoni. Alikuwa anamnyoa mgonjwa wa kitanda cha pili, amekaa kwenye kiti, mguu mmoja. Wembe hautetemeki. Nikasimama pale kama dakika kumi kisha nikageuka. Muuguzi akaniuliza nilikuwa namtafuta nani, nikasema nimekosea mlango.

Nina jambo moja tu la kukuambia, nalifikiri kila siku. Siku ile sisi watatu tusingesema. Tulikuwa tumeshazoea kunyamaza. Lakini kama mtu mwingine yeyote angepaza sauti, hata mpita njia, hata muuza karanga nje ya uzio, akasema "Jamani, subirini", mimi ningeishusha boriti ile. Naapa ningeishusha. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie.

Rudi nyumbani.

Kaka yako


1 Juni

Kaka,

Barua yako ilifika jana asubuhi. Niliisoma mara mbili, nikamwomba mama mshona mavazi tiketi yake. Hakuuliza. Alinipa pia shali nijifunike uso, kwa sababu mlinzi wa mlangoni ananijua.

Nilikaa mstari wa sita. Jumba lilijaa, watu wamevaa vizuri, watoto wamepakatwa. Sindano alicheza dakika ishirini na mbili, na nisikudanganye, nilimwonea wivu mpaka meno yakaniuma. Ana wepesi ambao mimi niliupoteza miaka mitano iliyopita. Alipomwamsha mwokaji watu walicheka kwa furaha. Nilisahau kwa muda kilichonileta.

Kisha akapanda.

Wanane walijipanga. Kutoka kule chini sikuwahi kuwaona, siku zote nilikuwa juu. Wanapendeza sana, Kaka. Walinyoosha mikono pamoja, mistari miwili, wakatabasamu, na ungekuwa wewe uliyekaa pale ungempa yeyote kati yao mtoto wako amshike. Ngoma, tiki, tiki. Sindano akageuka, akatupa mgongo, akafumba macho. Ngoma ikanyamaza.

Nikasimama nikapiga kelele, "Bado!"

Sauti ilitoka kama ya mama akiita mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Sindano alikuwa ameshaanza kulegea. Nikaona magoti yake yakikaza yenyewe, kabla kichwa chake hakijajua, jinsi mimi nilivyoganda na sahani siku ile. Akashika ukingo wa mnara kwa mkono mmoja, ameinama nyuma nusu, anapepesa macho.

Watu wote wakanigeukia. Mtu akaniambia kaa chini, mwendawazimu wewe. Mlinzi akawa ananijia kwa haraka. Mpiga ngoma, maskini, hakujua la kufanya akaanza tena, tiki, tiki, kama tulivyofundishwa kufanya anguko likikatika. Mlinzi alinifikia, akanishika mkono, akaanza kunivuta. Ngoma ikanyamaza mara ya pili na mimi mdomo umenikauka, nilijaribu kusema na hakikutoka kitu.

Nikasikia, "Bado."

Alikuwa Nanga. Hakupaza sauti. Aliushusha mkono wa kulia kwanza, akaushika kwa wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto. Kisha Mpishi akasema, "Bado." Kisha yule wa goti. Kisha wa kifua, wa jicho, wa kiuno. Walikuwa wanasema mmoja mmoja, bila kutazamana. Yule wa saba, ambaye hakuwahi kunijia, alisema kwa sauti ya juu kuliko wote, akakaa chini palepale jukwaani. Watu wengine walidhani ni sehemu ya igizo wakapiga makofi.

Akabaki Kimya. Mikono yake ilikuwa bado juu. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama juu kwa Sindano. Alikuwa amesimama peke yake chini ya mita nne na nusu, mikono imenyooka, haitetemeki. Yeye ndiye aliyekuwa mzima, Kaka, na mimi wiki zote zile nilimwogopa yeye.

Sindano alishuka kwa ngazi, hatua moja moja, analia. Kimya hakushusha mikono mpaka mguu wake ulipogusa sakafu.

Walinitoa nje, na mimi sitarudi ndani ya jumba lile wala lingine, hilo limeshasemwa. Sijui Nanga na wenzake watakula wapi mwezi ujao, na hilo linaniuma, sitalifunika. Nilikaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Kimya akatoka, akakaa kando yangu. Kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake, ni nyembamba, haifanani naye. Aliitazama mikono yake akasema, "Mimi nilidhani tuko wanane."

Basi langu linafika Jumatano saa nane mchana. Usije kunipokea stendi. Nenda kwa Kinyozi, pita ule mlango, nami nitakukuta hukohuko.

Mdogo wako,
Panzi